Mkono wa Kushoto wa Fukusi

Siku ya kwanza kazini walimpa fukusi mmoja, mdudu wa nafaka asiyezidi punje ya mchele, wakamwambia amchore.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye rangi za mafuta, akichora turubai kubwa kubwa zilizohitaji watu wawili na kelele nyingi kuzipitisha mlangoni. Wanaofuatilia sanaa walizitambua picha zake kwa mbali, kwa sababu ya wekundu fulani aliokuwa akiupaka hata pasipo na kitu chekundu: kwenye shingo ya mwanamke, chini ya meza, mawinguni. Kisha kifua kikamgeuka. Alianza kwa kikohozi cha asubuhi, akaishia kukaa kitandani akivuta hewa kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba. Daktari alimsikiliza mgongo, akamuuliza anafanya kazi gani, akatikisa kichwa.

"Tapentaini na mapafu yako haviwezi kukaa nyumba moja," alimwambia. "Kimoja kihame."

Ikahama tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi. Miezi sita alikaa nyumbani bila kushika brashi, akipanga makabati ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Binamu yake, karani kwenye kituo cha utafiti wa mazao, ndiye aliyemletea habari kwamba mchoraji wao wa wadudu amestaafu na wanatafuta mwingine. Kazi ni ya penseli na wino tu, haina harufu. Akaenda kwenye usaili, wakamtaka achore harage. Alilichora vizuri mno, akapata kazi.

Sasa fukusi. Alimtazama kwenye hadubini asubuhi nzima, akamchora kwa moyo wake wote. Alimnyanyua kichwa kidogo, akampa mgongo mng'ao, vipapasio akavikunja kwa madaha. Saa nane mchana akapeleka karatasi kwa mkuu wa maabara, mama mmoja mfupi, mkavu wa maneno, ambaye kituo kizima kilimwita Profesa.

Profesa aliiinamia ile karatasi, akaweka ncha ya kalamu juu ya kipapasio.

"Pingili ngapi hapa?"

"Sikuhesabu, Profesa."

"Ana kumi na moja. Wewe umempa tisa. Na hizi mbwembwe za kichwa?"

"Nilitaka kumpa uhai kidogo."

"Uhai alikuwa nao. Sisi ndio tuliomuua," alisema Profesa bila kutabasamu. "Mimi nipe pingili. Usanii uache pale getini, utauchukua jioni ukitoka."

Watu wawili waliokuwa chumbani waliinamisha nyuso zao kwenye sahani za vioo ili wasionekane wakicheka. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Msanii. Walimwita kwa upole tu, hata kwa mapenzi, lakini kila alipolisikia alizikumbuka zile pingili tisa.

Aliyemfundisha kazi alikuwa fundi wa maabara, mzee mwembamba aliyekuwa akichoma wadudu kwenye pini kwa miaka thelathini. Walimwita Mzee Pini. Alimwonyesha kwamba mwanga wa mchoro daima hutoka juu, upande wa kushoto, hata kama dirisha la chumba liko kulia. Kivuli hakipakwi, kinajengwa nukta kwa nukta, kwa kalamu yenye ncha kama sindano. Chini ya kila mchoro kuna mstari mfupi wa kipimo, ili asomaye ajue mdudu ana ukubwa gani.

"Binti yangu," alimwambia, "kule kwenu ukikosea unasema ndivyo ulivyokusudia. Hapa ukikosea, mdudu yupo kwenye sanduku anakusubiri."

Maneno hayo aliyasema kwa utani, yakamkaa rohoni kama mwiba. Msanii akaanza kuhesabu. Alihesabu pingili mara tatu, kisha mara tano. Nyumbani alijikuta akihesabu vigae vya bafuni, na vifungo vya shati la mumewe akiwa amelivaa. Usiku aliota miguu: miguu sita, miguu saba, na sauti kavu ikimuuliza wa saba ni wa nani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumweleza mtu. Kituo kilikuwa kinaandaa kitabu cha mwongozo kwa wakaguzi wa maghala, na ndani yake kulikuwa na mafukusi wawili wanaofanana kama mapacha. Mmoja hana neno: hula vumbi na punje zilizokwisha kuvunjika. Wa pili hutoboa punje nzima, akakuachia ghala la magunia yaliyojaa maganda na unga. Kwa nje huwezi kuwatenganisha hata ukeshe. Tofauti yao iko ndani ya dume, kwenye kile kiungo chake cha siri, ambacho Mzee Pini alikichomoa kwa sindano mbili na kukiweka kwenye tone la glisirini kana kwamba ni kitu cha kawaida kabisa.

"Chora hicho," alisema.

"Hicho?"

"Hicho hicho. Na usione haya, yeye mwenyewe hakuona."

Akachora. Wiki nzima alichora sehemu za siri za fukusi, zimekuzwa mara themanini. Siku moja alirudi na nakala ili aipitie nyumbani, mama mkwe wake akaikuta mezani. Mama mkwe alikuwa akiishi nao, mtu wa ibada na mwenye maswali.

"Mwanangu, hii ni nini?"

Msanii alihisi masikio yakiwaka. "Ni... sehemu ya mdudu, mama."

"Sehemu gani?"

"Ya ndani."

Mama mkwe aliigeuza karatasi juu chini, akaikaza macho. "Inafanana na bomba la sinki," akasema, na kwa muda mrefu baada ya hapo aliwaambia majirani kwamba mkwewe amepata kazi ya kuchora mabomba, kazi nzuri ya serikali.

Mchoro uliomletea balaa ulikuwa wa ukurasa wa saba, ule wa dume la mtoboaji. Kiungo chake kina mikono miwili, mmoja kila upande, kama vishikio vya koleo. Msanii alipomtazama mara ya kwanza aliona mkono wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na ncha yake imepinda kwa ndani. Akauchora hivyo hivyo kwa penseli. Kisha akakaa akiutazama mchoro wake, hofu ikaanza kumpanda. Alifungua kitabu cha zamani alichopewa kama mfano: mikono ilikuwa sawasawa. Akarudi kwenye hadubini: umepinda. Huenda sindano ya Mzee Pini iliukunja. Huenda ni macho yake. Au ni kile kiherehere chake cha kupinda vitu ili vipendeze, na Profesa atauliza mbele ya watu, "Na hizi mbwembwe za mkono?"

Akachukua ufutio, akaufuta mkono wa kushoto. Akanakili ule wa kulia kwenye karatasi angavu, akaigeuza, akaupiga chapa upande wa pili. Ikalingana vizuri sana. Profesa aliitazama kwa dakika moja, akalinganisha na kitabu cha zamani, akatia sahihi.

"Unaanza kuelewa," akasema. Zilikuwa sifa za kwanza tangu Msanii aingie pale. Alitembea hadi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo.

Wiki tatu baadaye michoro yote ilikuwa imekwenda kiwandani kuchapwa. Profesa alisafiri kwenda kwenye mkutano mji mwingine, akamwachia Msanii kazi ya bango la ukutani kwa ajili ya maghala, lenye mafukusi wale wawili wakiwa sambamba. Jumatano mchana Mzee Pini alimtayarishia dume jipya la mtoboaji. Msanii akaweka jicho kwenye hadubini.

Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi. Ncha imepinda kwa ndani.

Alirudi nyuma kwenye kiti. Akaomba dume jingine, akasingizia kwamba la kwanza limechafuka. Umepinda. La tatu, umepinda. Kisha akaomba dume la yule mwenzake asiye na madhara. Mikono yake ilikuwa sawasawa, imelingana kama vishikio vya koleo.

Hapo ndipo alipoelewa. Ukurasa wa saba ulikuwa na jina la mtoboaji, na chini ya jina hilo alikuwa amechora umbo la yule asiye na neno. Mkaguzi akisimama ghalani na dume la mtoboaji chini ya lenzi, ataona mkono uliopinda, atalinganisha na kitabu, atasema si huyu. Magunia yatapita.

Alimpigia Profesa. Simu imezimwa. Akapiga tena, akapiga tena, hadi Mzee Pini akamuuliza kama kuna msiba. "Hapana, mzee wangu," akajibu, akachukua mkoba, akaondoka kabla ya saa.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Jioni ile alikuwa akipunguza suruali ya mteja. Msanii alikaa kwenye kigoda mbele yake, akamweleza yote. Mume alisikiliza huku mguu ukikanyaga taratibu.

"Lakini kitabu cha zamani nacho kilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Na Profesa mwenyewe ametia sahihi. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si lazima ujishtaki, mwenzangu."

"Mimi niliuona ule mkono. Niliuona, nikaufuta."

Mguu ukasimama. "Uliufuta kwa nini?"

"Niliogopa watasema ni usanii."

Mume alikata uzi. Kisha akauliza polepole, "Ukiwaambia, watakufukuza?"

"Sijui."

"Na kwenye rangi huwezi kurudi."

"Najua siwezi. Unadhani sijui?"

Sauti yake ilipanda, mama mkwe akachungulia kutoka jikoni na kuuliza kama bomba limepasuka. Hakuna aliyecheka. Mume aliinamia tena mashine, akakanyaga kwa kasi, na alipoivuta suruali akakuta ameshona mguu mmoja wa suruali hiyo ukaziba kabisa. Aliutazama, akaanza kuufumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, akisema kwa sauti ya chini, "Mimi siwezi kukuambia ufanye nini. Ila usiku huu hutalala, hilo naliona."

Hakulala kweli. Asubuhi alifika maabara kabla ya mlinzi kufungua mlango wa ndani. Mzee Pini alipoingia alimkuta amesimama katikati ya chumba na koti bado liko mwilini.

"Mzee wangu, ukurasa wa saba una kosa. Kosa ni langu."

Akamweleza. Mzee Pini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakumlaumu wala kumpoza. Alikwenda kwenye makabati, akashusha masanduku manne yaliyokusanywa miaka tofauti, sehemu tofauti, akasema, "Watatu hawatoshi. Profesa atauliza ni wangapi." Wakakaa wote wawili. Mzee akapasua, Msanii akatazama na kuandika. Madume kumi na mawili ya mtoboaji: kumi na mawili yamepinda mkono wa kushoto.

Saa mbili na nusu alipiga simu kiwandani.

"Kurasa hizo zinaingia kwenye mashine saa hii," alisema msimamizi wa uchapaji.

"Naomba ukurasa wa saba usimame."

"Wewe ni nani?"

"Mchoraji."

"Dada, mchoraji hasimamishi mashine. Niletee aliyetia sahihi."

"Yuko safarini, simu yake haipatikani. Kaka yangu, nakuomba. Ukichapa, itabidi vitabu vyote vitupwe."

"Na nisipochapa, nitaambiwa mimi ndiye niliyechelewesha. Nimwambie nani kasema?"

"Sema ni mimi. Andika jina langu, andika na saa."

Mashine zikasikika zikigonga kwa mbali. "Nitatanguliza kurasa za mwisho," akasema msimamizi hatimaye. "Hadi saa tisa alasiri. Baada ya hapo sikujui."

Alipoweka simu alimpigia Profesa tena. Bado imezimwa.

Profesa aliingia saa tano, begi la safari mkononi. Alikuwa amewasha simu kwenye basi akakuta amepigiwa mara kumi na tisa. "Nani amekufa?" aliuliza mlangoni.

Msanii alikuwa amejipangia maneno tangu alfajiri. Yote yakamtoroka. "Mkono wa kushoto umepinda," akasema. "Wa mtoboaji. Nimechora sivyo. Nimezuia kiwanda kisichape, bila ruhusa yako."

Profesa aliweka begi chini palepale njiani. Akakaa kwenye hadubini na koti lake la safari. Alitazama dume la kwanza kwa muda mrefu, la pili, la tatu, akinyoosha mkono tu ili Mzee Pini amwekee jingine. Chumba kizima kilikuwa kimeacha kazi. Msanii alisimama nyuma yake akihesabu mistari kwenye kola ya lile koti, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Wangapi?" aliuliza Profesa.

"Kumi na wawili. Wametoka kwenye masanduku manne."

"Una muda hadi saa ngapi?"

"Hadi saa tisa."

"Mchoro ule ulikuchukua siku mbili."

"Ndiyo."

"Basi nukta ziache. Vivuli viache. Nataka mstari safi peke yake, na huo mkono kama ulivyo. Kaa."

Akakaa. Karatasi ya kwanza aliichafua kwa tone la wino. Ya pili mstari ulimponyoka kwenye mpindo wenyewe, pale pale palipohitajika utulivu, akaichana. Akaweka viganja mapajani, akavuta pumzi kama daktari alivyomfundisha wakati wa kifua, akaanza ya tatu. Hakunakili upande kwa upande. Alikwenda polepole kutoka kwenye shina hadi ncha, akinyanyua jicho, akilishusha. Mkono mfupi ulikuwa na kinundu kidogo karibu na ncha, kama kipele, akauliza, "Hiki nacho?" Profesa akajibu, "Wote wanacho? Kama wote wanacho, kiweke." Wakaangalia. Wote walikuwa nacho. Akakiweka.

Saa nane na dakika arobaini alimaliza. Profesa aliinamia, akapitisha kalamu juu ya kila mstari bila kugusa karatasi. "Kipimo kiko wapi?" Msanii alikuwa amekisahau. Akakichora, Profesa akatia sahihi, dereva wa kituo akaondoka na bahasha mbio, na saa tisa kasoro dakika tatu msimamizi wa kiwanda akapiga kusema ameipata.

Watu walianza kusogea, mtu akachekelea kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Msanii hakusogea.

"Njoo ofisini," alisema Profesa.

Huko ndani alimwonyesha kiti. "Kitabu cha zamani nimekisoma miaka ishirini na sita," alianza, akitazama dirishani. "Madume niliyopasua siyajui idadi. Na sikuwahi kuona huo mpindo. Nilikuwa naona nilichosoma. Hilo ni langu, nitaliandika." Akageuka. "Wewe uliuona lini?"

Angeweza kusema jana. Ilikuwa rahisi, na nusu yake ilikuwa kweli.

"Siku ya kwanza," akasema. "Niliuchora kwa penseli, kisha nikaufuta."

Profesa alikunja uso, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana amekasirika hasa. "Uliona, ukafuta?"

"Niliogopa utasema ni mbwembwe. Nilikuogopa wewe, Profesa, kuliko nilivyomwogopa mdudu."

Nje mtu alikuwa akiburuta masanduku kuyarudisha kabatini.

"Nitakuandikia barua ya onyo," alisema Profesa mwishowe. "Lazima iwepo. Ya kwangu nayo itakuwepo, kwenye faili langu. Na kuanzia kesho utakuwa na daftari. Kabla hujafungua kitabu chochote, kabla hujaniuliza mimi wala mzee, unaandika na kuchora unachokiona. Nikikukuta umefuta kitu kwenye daftari hilo, hapo ndipo utanijua."

"Ndiyo, Profesa."

"Sauti yangu siwezi kuibadilisha," akaongeza, akivuta faili lililokuwa mezani. "Nimezaliwa nayo. Nenda ukale, uso wako umekuwa wa kijivu."

Barua ya onyo aliipata Jumatatu. Mumewe aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akasema walau ina maneno machache. Mama mkwe alipoambiwa kwamba kulikuwa na tatizo kazini lakini limekwisha, alisema mabomba ndivyo yalivyo.

Hofu haikumtoka. Alidhani itatoka baada ya yale, lakini kila alipopeleka mchoro kwa Profesa alihesabu tena mlangoni, na hadi leo anahesabu. Kilichobadilika ni kwamba daftari lilijaa, na ndani yake kulikuwa na mambo ya ajabu ajabu: nywele zilizokaa upande mmoja, jicho lenye kona, vitu ambavyo Profesa aliviandikia pembeni kwa wino wa kijani "kimevunjika tu" au "sindano", na mara moja moja "hebu nionyeshe".

Kitabu kilitoka miezi miwili baadaye. Msanii alikipeleka nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, akakaa nacho kwenye kigoda karibu na cherehani, wakati mumewe akipiga pasi kola. Hakuanza na ukurasa wa saba. Alianza mwanzo kabisa, kidole kikitembea juu ya kila mguu na kila pingili.

"Si ufurahi kwanza?" mume alimwambia. "Kitabu kina jina lako."

"Ngoja."

Alifika ukurasa wa tatu, akasimama. Kwenye mguu wa nyuma wa mdudu mmoja mdogo, ambaye hakuna aliyekuwa akimjali sana, kucha moja ilikuwa imepotea. Aliisogeza taa. Haikuwepo. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika: ukurasa wa tatu, mguu wa nyuma wa kulia, kucha ya pili. Akakibandika kwenye jalada, akaweka kitabu ndani ya mkoba, na asubuhi akawa wa kwanza kubisha mlango wa Profesa.